Karatasi za Shabaha

Mwezi Mei mwaka jana, mwenzangu mmoja wa darasani alinitumia ujumbe kutoka Prague. Tulisoma pamoja muhula mmoja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye akiwa amekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, mimi nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika historia. Alikuwa anapanga kurudi Tanzania mwezi wa tisa, na safari hii alitaka kufika kwetu Mpanda, awaone viboko wa Katavi. Mwishoni mwa ujumbe akaongeza swali. Je, huko kwenu kuna uwanja wa kulenga shabaha ambao mgeni anaweza kwenda mchana mmoja, akapiga risasi chache kwenye karatasi kwa utulivu, bila mashindano na bila mtu wa kumharakisha?

Hakuwa na nia mbaya. Kwao huo ni mchezo kama michezo mingine. Unaingia kwenye jengo, unalipa, unapewa miwani na vifuniko vya masikio, mwalimu anasimama pembeni yako. Kila anaposafiri hutafuta uwanja wa namna hiyo, kama wengine wanavyotafuta bwawa la kuogelea. Aliwahi kuniambia kwamba huko Vietnam, kwenye mahandaki ya Cu Chi, watalii wanaotembelea uwanja wa vita wa zamani wanauziwa risasi na kupiga kwa AK-47, kisha wanakwenda kunywa maji ya dafu.

Nilianza kumwandikia kwamba hakuna. Mpanda ninayoijua mimi mtu hapigi risasi kujifurahisha. Mara yangu ya kwanza na ya mwisho kupiga ilikuwa JKT baada ya kidato cha sita, tumelala kifudifudi kwenye mchanga, afande akihesabu kila ganda linaloanguka. Tulipaita renji, na raia hapakanyagi. Lakini kabla sijatuma jibu, nikazikumbuka karatasi za baba mdogo, nikafuta nilichoandika.

Baba mdogo alifanya kazi miaka mingi kambini, katika kimoja cha vitalu vya uwindaji wa kitalii. Kazi yake ilikuwa kufuata nyayo. Msimu ulianza Julai ukaisha Desemba, na kila alipofunga msimu alirudi nyumbani na sukari, fulana za wageni na bunda la karatasi. Upande mmoja wa karatasi ulikuwa na duara jeusi ndani ya maduara mengine. Upande wa pili ulikuwa mweupe kabisa. Daftari zilikuwa ghali, basi upande ule mweupe ndio tuliofanyia hesabu mimi na binamu zangu. Karibu kila karatasi ilikuwa na matundu, matatu hivi au manne, mara yamekaribiana, mara yametawanyika. Ukifika kwenye tundu unaliruka, unaendelea na namba inayofuata. Sikuwahi kujiuliza yametoka wapi.

Mwezi Juni nilipanda treni kwenda nyumbani. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lina kilomita 210, na lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Hapo ninasema risasi ile inayoyeyushwa, madini yenyewe. Mgodi wa Mpanda uligunduliwa mwaka 1934, reli ikafika mwaka 1950, na miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa. Mji ukabaki. Lugha yetu haikutenganisha vitu hivi viwili. Madini ni risasi, na kinachotoka kwenye mtutu nacho ni risasi. Nilikuwa nimeupita mchezo huo wa maneno maisha yangu yote bila kuuona.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Za huko Dar?"

Nikamweleza swali la mgeni wangu, nikamuuliza kuhusu karatasi. Akacheka.

"Uwanja upo, tena mzuri. Ila ni porini."

Akanieleza. Mgeni akifika kambini, haonyeshwi mnyama yeyote kabla bunduki yake haijajaribiwa. Imetoka mbali, imepakiwa na kupakuliwa kwenye ndege, darubini yake inaweza kuwa imeyumba. Basi huwekwa meza chini ya mti, mifuko ya mchanga juu ya meza, na karatasi hubandikwa kwenye boksi mbele ya kichuguu, umbali wa hatua mia. Mgeni anakaa. Anapiga moja, anaangalia kwa darubini, anakunywa kahawa. Anapiga ya pili. Kazi ya baba mdogo ilikuwa kutembea hadi kwenye kichuguu, kuonyesha kwa kidole tundu liko wapi, kubandika karatasi mpya na kurudi.

"Hakuna haraka pale," alisema. "Mgeni anaweza kumaliza pakiti nzima kabla jua halijawa kali, na wala hajatoka kwenda kuwinda. Babu yako kwa mwaka mzima hakupiga risasi nyingi kiasi hicho."

Sikumjibu, maana habari ya bunduki ya babu ilikuwa haizungumzwi kwetu, na sababu ya kutozungumzwa ni mimi.

Babu alikuwa Mkonongo wa upande wa Inyonga, mrina asali, na mwindaji kabla mimi sijazaliwa. Aliniita mke wangu, kama mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na alinitetea kwa bibi kila nilipovunja kitu. Bunduki yake ilikuwa gobore, inayoshindiliwa baruti kwa mbele. Ilikaa darini juu ya jiko, moshi uikinge na mchwa. Leseni hakuwa nayo. Siku chache kwa mwaka aliishusha, akaipangusa, akairudisha. Sikuwahi kumwona akiipiga.

Nilikuwa na miaka tisa alipokuja mnunuzi wa asali kutoka mjini. Walikula, wakazungumza, na mnunuzi akanigeukia kwa utani: je, mzee huyu bado analeta nyama nyumbani? Nami kwa kutaka sifa nikajibu kwamba bunduki iko darini, na nikanyoosha kidole juu. Mnunuzi alicheka. Babu hakucheka. Usiku ule nilisikia mlango, nikachungulia, nikamwona anatoka na jembe na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye gunia. Nikamfuata hadi pembe ya shamba la karanga, penye mninga. Nikaona anachimba. Hakujua kwamba niko nyuma yake.

Hakunigombeza, wala hakuna askari aliyekuja. Lakini hakuniita mke wangu tena hadi nilipomaliza darasa la saba. Alifariki nikiwa kidato cha tatu, na hakumwambia mtu mahali alipoizika. Baba na baba mdogo waliitafuta darini, hawakuiona, wakaamua kwamba aliiuza. Mimi nilijua, nikanyamaza miaka yote hiyo.

Kwa hiyo swali la mgeni lilinipeleka maktaba kwa njia ambayo hakulikusudia. Nilitaka kujua ilikuwaje chombo kimoja kikawa mapumziko mikononi mwa mtu mmoja na kosa mikononi mwa mwingine, ndani ya mkoa mmoja.

Mambo hayakuanza hivyo. Katika karne ya 19 bunduki zilikuwa nyingi katika nchi hii. Zilipanda na misafara kutoka pwani, na pembe za ndovu zikateremka. Mirambo alijenga dola yake Unyamwezi kwa rugaruga wenye bunduki, na Nyungu ya Mawe akafanya vivyo hivyo Ukimbu. Desemba 1871, Henry Morton Stanley na David Livingstone waliondoka Ujiji kurudi Tabora. Njia yao ilipita Ukawendi na Ukonongo, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Katavi. Stanley alipiga wanyama njia nzima, na aliandika habari zake kirefu. Alimpiga twiga, risasi zikashindwa kumwangusha kwa sababu zilikuwa laini mno. Livingstone, mwenye uzoefu mrefu zaidi, akamshauri achanganye zinki kwenye risasi ili ziwe ngumu, naye akafanya hivyo. Niliposoma kisa hicho niliwaona wageni wawili wamekaa kambini wanaijaribu silaha, huku watu wa kwetu wamebeba mizigo na kusubiri. Sikuhitaji kusoma sana kuitambua kazi ya baba mdogo.

Hata hivyo wakati huo mgeni hakuwa peke yake mwenye bunduki. Mwaka 1879 shirika la Mfalme Leopold wa Ubelgiji lilianzisha kituo cha Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka uleule shirika hilo lilileta tembo wanne kutoka India, kujaribu kama wanyama wa kubeba mizigo wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi, na msimamizi wao alikuwa Frederick Carter. Juni 1880 Carter na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe na majeshi ya Mirambo na mtemi Simba. Mpimbwe hiyo leo ni halmashauri katika wilaya ya Mlele, na watu hupita wakienda mnadani. Sisimulii kisa hiki ili kushangilia kifo cha mtu. Ninakisimulia kwa sababu kinaonyesha kwamba mwaka 1880 hapakuwa na upande mmoja uliomiliki baruti.

Miaka kumi baadaye hali ilibadilishwa kwa kalamu. Julai 1890, Brussels, mataifa ya Ulaya pamoja na mengine yalitia saini mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa, zile ambazo mtutu wake umechongwa mifereji kwa ndani ili risasi izunguke na kwenda mbali, zilipigwa marufuku, isipokuwa kwa wale waliopewa ruhusa. Zilizoweza kuachiwa biashara ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida, tena chini ya uangalizi wa serikali. Kupambana na utumwa kulikuwa sababu ya kweli. Lakini tokeo lake lilikuwa pia kwamba Mzungu alibaki na bunduki inayopiga hatua mia tatu, na Mwafrika akabaki na gobore. Gobore la babu, lenye mtutu laini ndani kama bomba la maji, ni mtoto wa mkataba ule, hata kama lilifuliwa miaka mingi baadaye.

Kisha zikaja sheria za wanyama. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaweka leseni na kutenga mapori ya kwanza ya akiba. Waingereza wakaendeleza kwa sheria zao, na kwa afisa ambaye watu walimpa jina ambalo bado linatumika: bwana nyama. Miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, serikali iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya pamoja. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 ambacho wanafunzi wa historia tunakisoma mapema, anaonyesha jinsi watu wanavyopoteza mamlaka juu ya pori pale makazi yao yanapovurugwa. Babu alikuwa akisema kwamba baba yake alizaliwa mahali ambapo leo anaishi nyati tu. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Baada ya uhuru serikali yetu ilirithi mapori yale na ikaongeza. Katavi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na mwaka 1998 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Uwindaji ulisimamishwa nchini mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978 chini ya shirika la umma, TAWICO, na mwishoni mwa miaka ya 1980 vitalu vikaanza kukodishwa kwa makampuni binafsi. Hapo ndipo kambi, meza na mifuko ya mchanga ya baba mdogo inapoingia.

Sitaki kumdanganya msomaji kwa kuifanya hadithi hii kuwa nyepesi. Magobore yameua tembo wengi Katavi, kwa goroli na vipande vya nondo. Yamemaliza ugomvi wa ndugu kwa njia mbaya. Fedha za vitalu zimelipa walinzi, na zimelipa ada yangu ya sekondari kupitia mshahara wa baba mdogo. Babu mwenyewe aliwinda pasipo kibali. Ila ninapoweka miaka hii kwenye mstari, ninaona jambo moja halibadiliki: mwenye utulivu wa kupiga risasi katika nchi yetu ni yule anayetoka mbali. Kwa babu bunduki haikuwa mapumziko. Kila tone la baruti lilikuwa na hesabu yake, na angekosa asingekuwa na ya pili, maana kushindilia upya kunachukua muda ambao nyati hampi mtu. Karatasi ya kujaribia hakuwahi kuwa nayo.

Hata Katabi, ambaye jina la mbuga lilitoka kwake, husimuliwa kuwa mwindaji. Roho yake inasemekana kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiacha sadaka chini ya mti. Mkoa mzima tangu mwaka 2012 unaitwa kwa jina la mwindaji ambaye leo angehitaji leseni.

Septemba kila mwaka ni mwezi wa msamaha wa silaha barani, kwa uamuzi wa Umoja wa Afrika. Anayesalimisha silaha haramu kwa hiari hashitakiwi. Tangazo lilipopita mtaani kwa kipaza sauti, nilikuwa nimerudi Mpanda kumsubiri mgeni wangu. Baba alikuwa uani anarekebisha baiskeli.

"Baba," nikamwambia, "bunduki ya babu haikuuzwa."

Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. Nikamweleza yote: mnunuzi wa asali, kidole changu, gunia, mninga. Aliniangalia kwa muda.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa hataki tulime ile pembe," alisema. Kisha akauliza, "Nawe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Miaka tisa," akarudia, na hakuongeza neno.

Tulikwenda kijijini na baba mdogo, tukamwarifu mtendaji kwanza, naye akaja kusimama pale wakati tunachimba. Haikuwa kina kirefu. Gunia lilikuwa limeoza. Kitako kililiwa na mchwa, hata umbo lake halikubaki, na mtutu ulikuwa bomba la kutu lililojaa udongo. Baba mdogo aliushika, akautazama kwa ndani kama alivyozoea kuzitazama bunduki za wageni, akaupuliza. Udongo haukutoka. Polisi waliupokea na kuandika kwenye daftari: gobore moja, bovu. Baba akatia saini. Tulirudi kwa pikipiki, watu watatu na dereva, bila kuzungumza. Tulipofika nyumbani baba alimwambia mama kwamba mwaka huu ile pembe tutaipanda karanga.

Mgeni wangu alifika wiki iliyofuata. Tulikwenda Sitalike, tukakaa juu ya kingo za mto Katuma kuwatazama viboko waliobanana kwenye tope la kiangazi, na alifurahi sana. Jioni akanikumbusha swali lake. Nikamwambia kwamba uwanja upo, lakini upo ndani ya kitalu, na bei ya kuukalia si ya mwanafunzi. Kisha nikamwonyesha karatasi moja ya baba mdogo, ambayo mama aliihifadhi pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Aliishika kwenye mwanga wa taa. Kulikuwa na matundu matatu, yote ndani ya duara jeusi.

"Huyu alikuwa na shabaha nzuri," alisema.

Nikamwambia aigeuze. Upande wa pili kulikuwa na hesabu zangu za darasa la tatu, za kuzidisha, zikipita kulia na kushoto kwa matundu yaleyale. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, kwa kidole.

"Na wewe ulikosa mbili," akasema.